Abiria Mmoja Atapanda

Kama kuna mtu aliyeujua mgongo wa kaka yake kuliko kaka mwenyewe, basi ni huyu Fundi ninayetaka kuwaeleza habari zake. Miguu yake iliacha kazi akiwa na miaka mitatu, baada ya homa iliyomlaza wiki nzima, na tangu hapo alibebwa. Alibebwa kwenda shule, alibebwa kwenda hospitali, alibebwa harusini na msibani, na aliyembeba ni huyo huyo mmoja, kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, seremala mwenye mabega mapana na maneno machache. Kiti cha magurudumu alikuja kukipata ukubwani. Lakini kiti nacho kina mipaka yake: penye sakafu kinakwenda, kikikutana na ngazi kinageuka samani. Hapo kaka alikuwa anachutama, anageuza mgongo, anasema "Twende," na Fundi anamshika shingoni.

Naomba mnielewe vizuri, maana kuna watu wanapenda kusikia kwamba alionewa. Hakuonewa. Alipendwa mpaka akachoka. Alikuwa na cherehani mbili kwenye chumba cha mbele, wateja wanapangana kwenye benchi, na suti ya mwanamume aliikata kwa jicho huku anasimulia habari nyingine kabisa. Mdomo pia alikuwa nao, tena si wa kuazima. Ila mwanamke wa miaka arobaini na mbili kutoweza kuingia duka lenye ngazi kuchagua uzi wake bila kwanza kuuliza mgongo wa mtu una nafasi lini, hilo lilimkaa rohoni kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo.

Sasa ikaja barua. Chuo cha ufundi kilichoko upande wa pili wa jiji kilisema kwamba mwalimu wa kukata nguo amestaafu, sifa za Fundi zimewafikia, na wanamwomba aje kufundisha siku tatu kwa wiki kuanzia Jumatatu, kipindi cha kwanza saa mbili kamili asubuhi. Chini kabisa mkuu wa chuo alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba mwezi wa kwanza ni wa majaribio, na kwamba mtu waliyemjaribu kabla yake walimwacha kwa sababu alichelewa siku ya kwanza. Fundi aliisoma barua ile mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kimya, mara ya tatu akalia, na mama yake aliyekuwa jikoni akatoka mbio akidhani kuna msiba.

Wiki hiyo hiyo mgongo wa kaka ukagoma. Alikuwa anashusha kabati la mteja, akasikia kitu kimemwambia "ka," akabaki ameinama hapo hapo mpaka wenzake walipokuja kumkunjua. Daktari alimwambia kwamba mwaka huu akinyanyua chochote kizito kuliko ndoo ya maji, atakayebebwa mwakani ni yeye. Kaka akarudi nyumbani akatangaza kwamba dada asiwe na wasiwasi, Jumatatu atampeleka kama kawaida, daktari naye ni binadamu tu. Fundi alimtazama anavyokaa kwenye kochi, kwa awamu tatu, jasho linamtoka, akasema taratibu kwamba Jumatatu atakwenda na basi.

Nyumba nzima ikamgeukia. Teksi ilishajaribiwa miaka mingi na kiti hakiingii kwenye buti. Mabasi ya jiji wote waliyajua: ngazi tatu ndefu, mlango mwembamba, na dereva ambaye akiona kiti cha magurudumu anaangalia mbele kama mtu anayedaiwa. Lakini Fundi alikuwa amesikia redioni kwamba kampuni ya mabasi imeleta basi moja la aina nyingine. Sakafu yake iko chini, likifika kituoni linapiga magoti, na lina ubao unaotoka mlangoni mpaka kwenye lami. Akapiga simu ofisini kwao mbele ya watu wote.

Karani aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu anayetafuna karanga. Alikubali kwamba basi hilo lipo, ni namba kumi na nne, na linapita kituo cha posta saa moja kamili asubuhi. Akasema kuna fomu. Akauliza urefu wa kiti, upana wa kiti na uzito wa kiti, na Fundi akamtajia kwa sentimita kama anayepimwa nguo. Mwishoni karani akasema, kwa wema kabisa:

"Sawa mama. Jumatatu saa moja tutakupakia pale posta."

"Mtanifanyaje?"

"Tutakupakia."

Fundi alivuta pumzi. "Mwanangu, viazi vinapakiwa. Magodoro yanapakiwa. Mimi napanda."

Karani akajitetea kwamba maneno si yake, fomu ndivyo ilivyo: kituo cha kupakiwa, kituo cha kushushwa. Fundi akamwambia basi afute. Karani akasema fomu ya ofisi haifutwi. Fundi akasema hana haraka, atasubiri kwenye simu hadi ifutwe, na kweli akaibana simu begani akaanza kushona, cherehani ikalia masikioni mwa yule kijana wa watu kwa dakika nne nzima. Mwishowe karani akasalimu amri. Akakata maneno ya fomu, akaandika ya kwake, kisha akamsomea: kituo cha posta, saa moja kamili, abiria mmoja atapanda. Fundi akamwombea kila la heri na mke mwema. Siku tatu zilizofuata kila mteja aliyekuja kupima alisimuliwa ushindi huo, hata waliokuja kuchukua suruali tu. Laiti angejua.

Jumatatu akaamka kabla ya jogoo, akavaa suti yake ya kijani aliyojishonea mwenyewe, akaweka mkoba mapajani: mkasi, futi ya kupimia, chaki, nyembe za kufumulia. Kaka aliapishwa mbele ya mama kwamba hatamfuata. Kutoka nyumbani mpaka posta ni njia iliyonyooka, na Fundi alijisukuma mwenyewe kwa mikono yake. Saa moja kasoro robo alikuwa kituoni, viganja vinamwaka moto na moyo unamdunda kama wa bibi harusi.

Saa moja kamili basi namba kumi na nne likaja, jeupe, refu, linang'aa. Dereva alikuwa mwanamke mnene wa sura ya kucheka ambaye abiria walimwita Mama Honi, kwa sababu ambazo mtaa mzima ulizisikia kabla basi halijaonekana. Akamwona Fundi, akasimama sawasawa mbele yake, akabonyeza kitufe. Basi likatoa pumzi ndefu, fsssss, likaanza kuinama upande mmoja.

Sasa, abiria wa jiji hili wamepanda mabasi mabovu maisha yao yote, na wanajua maana ya basi kutoa pumzi na kuinama. Mzee mwenye mwavuli ndiye aliyepiga kelele ya kwanza, "Pancha," na kabla Mama Honi hajageuza shingo basi lilikuwa limeshamwagika. Watu walishuka na vikapu, na mafaili, mama mmoja na mtoto mgongoni, wote wakaenda kuinama kwenye magurudumu. Kijana mmoja alilipiga tairi teke akasema hili ndilo. Mwingine akasema hapana, ni lile la nyuma. Mama Honi akabaki peke yake kwenye basi zima, anawaelezea kupitia dirishani kwamba basi halijaharibika, limepiga magoti tu, na mzee mwenye mwavuli akamjibu kwamba kwa umri wake ameshaona mengi ila basi linalosali hajaliona.

Fundi alicheka mpaka mkoba ukadondoka. Kondakta, kijana mwembamba ambaye jina lake lilikuwa limeshapotea na sasa aliitwa Songambele tu, ndiye aliyemwokotea. Akamuuliza dada anakwenda wapi. Fundi akasema si wana taarifa zake, alijaza fomu. Songambele akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akamwonyesha.

"Dada, fomu inabaki ofisini, mimi nimeletewa mstari huu tu. Kituo cha posta, abiria mmoja atapanda. Nikasema sasa hii nayo ni habari? Posta wanapanda abiria thelathini kila siku."

Palikuwa na nafasi ya kukasirika hapo, na aliyestahili kukasirikiwa alikuwa amevaa suti ya kijani. Lile neno alilolipigania kwa dakika nne za cherehani lilikuwa zuri, la kweli, la heshima, na halikumwambia mtu yeyote kwamba anakuja mwanamke na kiti. Angekubali kuwa kiazi, basi lingekuja limejiandaa. Fundi akajishika kichwa, akacheka tena, safari hii kicheko chenye chumvi kidogo. Kisha akasema haya, yameshapita, leteni huo ubao.

Songambele akamtazama Mama Honi. Mama Honi akamtazama Songambele. Ikadhihirika kwamba ubao hakuna aliyewahi kuuona. Mama Honi alieleza kwamba mafunzo ya basi hili yalipangwa siku mbili. Siku ya kwanza walifundishwa kupiga magoti. Siku ya pili ilikuwa ya ubao, ila ikaahirishwa kwa sababu basi lenyewe lilikuwa limepelekwa kupakwa rangi. Wakatafuta chini ya viti, wakatafuta kwenye buti, Songambele akalala chali kwenye lami akachungulia uvunguni akatoka na grisi puani. Ubao hakuna. Na saa ilikuwa moja na dakika nane, na safari ni dakika arobaini.

Ndipo wema ulipoanza, na wema ndio ulikuwa hatari yenyewe. Kijana wa teke akakunja mikono ya shati. Wenzake watatu wakajipanga, wawili kila upande wa kiti, wakasema hii kazi ndogo, moja mbili tatu tunamtia ndani. Mzee mwenye mwavuli akawapangia nani ashike wapi. Watu wote walikuwa na haraka na wote walikuwa na roho nzuri, na Fundi akaona kabisa mikono yake mwenyewe imeanza kuinuka kutafuta shingo ya mtu, kwa mazoea tu.

Akaishusha. "Nisikilizeni jamani," akasema. "Nawashukuru, Mungu awalipe. Lakini mkininyanyua leo, ubao huu hautatafutwa tena maisha. Kesho kutwa nyinyi hamtakuwepo hapa, na mimi nitakuwepo."

Kijana wa teke akashusha mikono yake. Mama mwenye mtoto akasema kwa sauti kwamba dada ana haki. Mzee mwenye mwavuli akasema haki anayo, ila basi nalo lina ratiba, na akaangalia saa yake kwa kunyoosha mkono ili kila mtu aione. Mama Honi akasema yeye anaweza kusubiri dakika tano, zaidi ya hapo ofisi itampigia.

Na nani akatokea nyuma ya kibanda cha magazeti? Kaka. Alikuwa amejificha hapo tangu saa moja kasoro, gazeti la juzi limemfunika uso, kiapo chake mbele ya mama kimeshakwenda na maji. Hakumtazama mtu. Alikuja mpaka mbele ya kiti, akachutama kwa awamu tatu, uso umemkunjamana kwa maumivu, akageuza mgongo.

"Twende," akasema.

Nitasema ukweli. Fundi alitaka kwenda. Saa mbili ilikuwa inakuja, barua ya mkuu wa chuo ilikuwa mkobani, na mgongo ule ulikuwa pale pale kwenye urefu wake, anaujua kila mfupa. Kilichomzuia ni kwamba kutoka alipokaa aliona ukosi wa shati la kaka umelowa jasho pamoja na baridi yote ile ya asubuhi. Akamwekea mkono begani. Akamwambia mgongo huo ameutumia miaka thelathini na tisa, na sasa uachwe upumzike. Kaka hakuinuka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba dada yake atachelewa kazini. Fundi akasema anajua, na akaangalia pembeni asimwone machozi.

Alipoangalia pembeni ndipo macho yake yalipoingia mlangoni mwa basi. Kwa watu waliosimama, mlango ni kitu cha kuangalia mbele, na sakafu ni kitu cha kukanyagwa. Kwa Fundi, aliyekaa kitini na basi limempigia magoti, sakafu ile ilikuwa karibu na macho kama kitambaa juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, nzito, mpyaa. Na ndani ya rangi kulikuwa na mstari.

Akamuuliza Songambele ule mstari ni wa nini. Songambele akasema ni mkwaruzo, magunia ya watu hayo.

"Mkwaruzo haukati kona," Fundi akasema. "Ule unakwenda, unakunja, unarudi, unakunja tena. Huo ni mshono, mwanangu. Kuna mtu ameupiga rangi juu."

Akatoa wembe kwenye karatasi yake akampa. Songambele akaushika kama anayekwenda kuchinja. Fundi akamwambia taratibu, mshono haukatwi, unafumuliwa. Aanze kwenye kona, apitishe ncha tu, afuate mstari, asiulazimishe. Songambele akapiga magoti ndani ya basi lililopiga magoti, akaanza. Rangi ikawa inatoka nyuzi nyuzi. Watu wakasogea, wote wanaangalia mstari. Kaka bado kachutama, shingo kaigeuza. Upande wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wembe ukakatika, Fundi akatoa mwingine. Kwenye upande wa tatu Songambele akasema hapa pana shimo limejaa rangi. Fundi akampa mkasi, na hapo mjue mambo yalikuwa makubwa, kwa sababu mkasi ule hata mama yake haruhusiwi kuugusa. Ncha ikazama, gamba la rangi likaruka, na chini yake kikaonekana kishikio cha chuma, kipya kabisa, hakijawahi kuguswa na mkono wa mtu.

"Vuta," Fundi akasema.

Songambele akavuta. Sakafu ikalia kwaaa, ikainuka, ikasimama wima, ikageuka, ikalala kwenye lami mbele ya viatu vya kaka. Ulikuwa ubao mpana, mweusi, wenye vinundu vya kuzuia kuteleza, na ukingoni mwake palichorwa kiti cha magurudumu cheupe ambacho hakuna aliyekuwa amekiona tangu basi linunuliwe. Kituo kizima kikapiga makofi. Mama Honi akapiga honi mpaka njiwa wa posta wakahama.

Kaka akasogea pembeni. Fundi akashika magurudumu yake, akavuta pumzi, akasukuma mara moja, mara mbili, mara tatu, akaingia. Basi! Imeisha. Jambo lililomshinda miaka thelathini na tisa lilikuwa misukumo mitatu.

Safari yenyewe ilikuwa sherehe. Mama Honi alikata kona kwa unyenyekevu na kwingine kote alikwenda kama mwenye mke anayejifungua. Watu walibanana, wamesimama, wananing'inia, Songambele anaimba songa mbele, songa mbele, na mzee mwenye mwavuli akalalamika kwamba amekosa kiti. Fundi akamwambia pole sana, yeye ndiyo maana hutembea na cha kwake. Hata mzee alicheka. Katika kila kituo basi lilipiga magoti, hata pasipo na haja, kwa sababu Mama Honi alikuwa ameanza kunogewa, na abiria wa zamani wakawa wanawaelimisha wapya kwa sauti kubwa kwamba jamani msishuke, si pancha.

Kaka naye alikuwa ndani. Aliingia wa mwisho bila kualikwa, akasimama nyuma ameshika bomba. Fundi alimtazama mara kwa mara. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa. Alikuwa anaangalia nje, na barabara hii aliyoipita mamia ya mara akiwa ameinama alikuwa anaiona kama mgeni, maghorofa mpaka juu.

Kwenye kituo cha chuo saa ilikuwa mbili kasoro dakika sita. Ubao ukalala, Fundi akashuka taratibu akizuia magurudumu kwa viganja. Kaka akaanza kujipenyeza kuja mlangoni. Fundi akageuka.

"Kaka, hiki si kituo chako."

"Sasa mimi naenda wapi?"

"Mpaka mwisho wa njia, halafu urudi. Kaa dirishani. Leo wewe ni abiria."

Kaka akabaki mlangoni. Mama mwenye mtoto akamvuta shati akamwonyesha kiti kilichoachwa, akakaa, kwa awamu tatu. Basi lilipoondoka uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kioo, analia na kucheka, na anampungia dada yake kwa mikono yote miwili, maana kwa mara ya kwanza yote miwili ilikuwa mitupu.

Fundi alijisukuma mpaka getini. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye daftari na adabu nyingi. Alimsalimia vizuri, kisha akainua shingo akaangalia nyuma ya kiti, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akitafuta mtu mwingine wa kuzungumza naye.

"Karibu mama. Nani amekuleta?"

Fundi alifungua mdomo, na jibu la siku zote likaja lenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sikuletwa," akasema. "Nimekuja." Neno likamwia tamu kiasi kwamba akalirudia, polepole, huku mlinzi anamshangaa na kalamu mkononi. "Nimekuja, baba. Niandike hivyo, halafu unionyeshe darasa la kukata nguo liko wapi."